Picha Imetoka Kiza: Majibu Kuhusu Kuskani Picha za Karatasi

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu picha za zamani za familia, zile zilizochapwa kwenye karatasi na ambazo leo zimo kwenye albamu, bahasha na makopo ya biskuti chini ya vitanda. Barua nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: kwa nini picha inayopendeza ikiwa mkononi inatoka vibaya ikishaskaniwa. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Marehemu baba yangu ameacha picha moja tu, ya pasipoti, aliyopiga alipoanza kazi bandarini. Tunataka kuikuza ifikie ukubwa wa karatasi ya A4 ili tuiweke kwenye fremu kabla ya arobaini. Niliipeleka steshenari, wakaiskani na kunitumia. Uso umekuwa mweusi kiasi kwamba macho hayaonekani, kuna mstari mwembamba ulionyooka kutoka juu hadi chini, na tulipoikuza ikawa miraba mitupu. Fundi amesema picha ni ya zamani, hana la kufanya. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. La, si kweli. Makosa yote matatu uliyoyataja hayakutoka kwenye picha ya baba yako, bali kwenye namna ilivyoskaniwa, na kila moja lina chanzo chake.

Tuanze na ule mstari, maana ndio unaotuambia kilichofanyika. Mashine kubwa za steshenari zina njia mbili za kusoma karatasi: kioo kikubwa kilicho chini ya kifuniko, na mdomo wa juu unaovuta karatasi zenyewe moja baada ya nyingine. Karatasi ikipitia juu, jicho la mashine halisogei. Linatulia chini ya kipande chembamba cha kioo, na karatasi ndiyo inayotembea. Punje moja ya vumbi au tone la ile rangi nyeupe ya kufutia makosa likiganda kwenye kioo hicho, linasomwa mfululizo tangu mwanzo wa karatasi hadi mwisho, na matokeo yake ni mstari ulionyooka kama huo wako. Kwa hiyo picha ya baba ilipitishwa juu, na kwa kuwa mdomo ule hauvuti kitu kidogo hivyo, yamkini ilibandikwa kwanza kwenye karatasi ya A4. Igeuze uangalie kama mgongoni hakukubaki gundi. Jambo hilo lisirudiwe tena, wala si kwa sababu ya mstari peke yake: magurudumu ya mpira yaliyomo ndani yanaweza kuikunja au kuikwaruza picha, na wewe huna nyingine.

Uso kuwa mweusi ni matokeo ya kuiacha mashine katika hali ya kusoma maandishi. Katika hali hiyo kazi yake ni kutenganisha wino na karatasi, kwa hiyo kilicho cheupe kiasi hukifanya cheupe kabisa, na kilicho cheusi kiasi hukifanya cheusi tii. Kwa risiti na barua hilo ni sawa. Kwa uso wa mtu mweusi aliyekaa mbele ya taa za studio ni balaa, kwa sababu tofauti ndogo za vivuli kati ya paji, shavu na tundu la jicho ndizo zinazoijenga sura, na zote ziko upande ule ule wa kiza ambao mashine imeamua kuuzima. Mwambie fundi achague hali ya picha, si ya hati. Achague rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu nitakayoieleza katika jibu la msomaji wa Muscat. Na azime marekebisho yote ya moja kwa moja ya mwanga, rangi na makali. Kama programu yake inaonyesha histogramu, yaani ule mchoro wenye umbo la kichuguu unaoonyesha kiasi cha kiza na cha mwanga katika picha, autazame upande wa kushoto, ambao ni upande wa kiza. Kichuguu kikiteremka taratibu kabla ya kufika ukingoni, kila kivuli kimesomwa. Kikigonga ukingo na kukatika ghafla, kuna vivuli vilivyopotea. Picha itakayotoka kwa njia hii itaonekana imepauka, na watu wa steshenari hawapendi kumkabidhi mteja kitu kilichopauka, lakini iliyopauka inaweza kuongezewa kiza nyumbani kwa dakika mbili, ilhali iliyozimwa haina kitu cha kurudishwa.

Sasa miraba. Mashine husoma picha kwa nukta, na kipimo chake ni idadi ya nukta katika kila inchi, ambacho kwenye skana zote huandikwa kwa herufi dpi. Picha ya pasipoti ya kawaida ina upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45. Ikiskaniwa kwa dpi 200, kipimo ambacho mashine nyingi za ofisi huwekewa kwa ajili ya barua, urefu wake wote unakuwa na nukta 354 tu. Zitandaze nukta hizo kwenye karatasi ya A4 yenye urefu wa sentimita 29.7, na kila inchi ya karatasi itapata nukta 30, kila moja ikiwa kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Hiyo ndiyo miraba uliyoiona. Picha ile ile ikiskaniwa kwa dpi 1200, urefu unapata zaidi ya nukta 2,100, na kwenye A4 kila inchi itakuwa na nukta 180 hivi, kiasi kinachotosha kwa picha ya ukutani inayotazamwa kwa hatua mbili. Usishawishike kupanda hadi 4800 au 9600 hata kama namba hizo zimeandikwa kwenye boksi la skana, kwani mara nyingi sehemu yake ni ya kukisia: mashine inasoma nukta ilizoweza, halafu inajaza za katikati kwa hesabu. Tena karatasi ya picha yenyewe ina kikomo. Picha za kawaida za albamu, zile za sentimita 10 kwa 15, hazihitaji kupita dpi 600, na kama nia ni kuchapa nakala ya ukubwa ule ule, 300 zinatosha. Nimekupa 1200 kwa sababu yako ni ndogo na inakuzwa zaidi ya mara sita.

Mwombe pia asikupe faili la PDF. Akupe TIFF, aina ya faili inayohifadhi picha bila kupoteza kitu, au kama hajui kuitoa, JPEG ya ubora wa juu kabisa, kisha ulinakili kwenye flashi yako badala ya kutumiwa kwenye simu. Kabla ya kubonyeza, kioo kifutwe kwa kitambaa laini kama kile cha miwani. Dawa ya kusafishia inyunyizwe kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo, kwa sababu maji hupenya ukingoni na kuacha ukungu upande wa ndani usiofikika. Picha yenyewe ipulizwe vumbi kwa kipulizio cha mpira au ipanguswe kwa brashi laini. Isipulizwe kwa mdomo, maana mate hayaonekani mpaka yanapokuwa madoa.

Neno moja la tahadhari, kwa kuwa najua kuna mjukuu atakayelipendekeza. Zipo programu za simu zinazodai kurudisha sura za picha zilizofifia. Nimezijaribu. Zinachokifanya ni kuchora macho, meno na ngozi ya mtu anayefanana na aliye kwenye picha, na katika saizi ndogo udanganyifu huo hupendeza, lakini ukishaitundika ukutani kwa ukubwa wa A4, mtu wa kwanza kugundua kwamba yule si baba ni mama yako.

SWALI: Assalaam aleikum. Hapa Mombasa unyevu umetuharibia picha. Ya harusi ya wazazi imegandana na kioo cha fremu, na nyingine zimo kwenye albamu zile za kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu. Gundi imekuwa ya manjano na picha hazibanduki. Nizitoeje ili niziskani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam. Ya kioo usiitoe. Uso wa picha ni utando mwembamba wa jelatini, ambayo hulainika ikinyonya unyevu wa hewa. Ikilainika inashika kioo, na msimu ukikauka inakauka pamoja nacho kama gundi. Ukiivuta, kinachobaki kwenye kioo si uchafu, ni picha yenyewe. Nasema hivi nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu nikiwa kijana niliwahi kumbandua shangazi yangu kwenye kioo namna hiyo, na shavu lake la kushoto hatujaliona tena. Wapo watakaokushauri uloweke kioo kwenye maji. Kuna picha zinazotoka salama kwa njia hiyo na kuna zinazoyeyuka, na hakuna namna ya kujua mapema ya kwako ni ya kundi gani.

Njia iliyo salama ni kuisoma picha kupitia kioo hicho hicho. Ondoa fremu na kadibodi ya nyuma kama haikugandana, safisha upande wa nje wa kioo, kisha uilaze juu ya skana. Hapa aina ya skana ndiyo inayoamua. Skana nyembamba zinazopata umeme kwa waya wa USB nyingi ni za aina ya CIS, ambazo jicho lake liko karibu sana na kioo na huona vizuri kile tu kinachokigusa. Picha ikiinuka milimita mbili, tayari ina ukungu. Skana nene za aina ya CCD zina lenzi na vioo vya ndani, na huvumilia mwinuko kama huo bila kupoteza makali. Tofauti hii itawafaa pia wenye picha zilizojikunja na wale ambao picha yao pekee ya mzee imebandikwa ndani ya pasipoti au kitambulisho cha zamani, ambayo nayo isibanduliwe. Ukiona viduara vya rangi kama mafuta juu ya maji, hivyo hutokea pale nyuso mbili laini zinapogusana mno. Weka vipande vyembamba vya karatasi kwenye kingo nne za kioo ili viachane kidogo, na vitatoweka.

Usipopata skana ya CCD, piga picha hiyo kwa kamera. Itundike wima, weka taa mbili za aina moja, moja kila upande kwa pembe ya nyuzi 45, uzime taa nyingine zote, na utundike kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili kioo kisikurudishie sura yako mwenyewe. Kanga nyeusi inatosha.

Kuhusu albamu za gundi, jaribu kwanza kwa picha usiyoipenda sana. Chukua uzi wa kusafishia meno, uupitishe chini ya kona moja, na uusogeze mbele na nyuma kama msumeno huku ukiuweka sambamba na ukurasa, bila kuiinua picha. Usitumie kisu, na usitumie pasi au mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu joto hulainisha gundi na jelatini kwa pamoja. Isipokubali, iache, na uskani ukurasa mzima baada ya kufunua plastiki, endapo plastiki haijagandana na uso wa picha. Ukikuta kuvu, zianike picha hizo kivulini penye upepo hadi zikauke kabisa ndipo uzipanguse kwa brashi nje ya nyumba ukiwa umefunika pua. Kuvu mbichi ikifutwa husambaa na kuingia ndani ya utando.

SWALI: Nina umri wa miaka 74, nimezaliwa Unguja na naishi Muscat. Nimerithi picha nyeusi na nyeupe za miaka ya 1950 zilizopigwa studio za Mji Mkongwe. Mkononi ni nzuri, lakini zikiskaniwa sehemu za kiza zinakuwa na utando wa kibuluu kama bati. Nyingine zimechapwa kwenye karatasi yenye vijipele, na skana inaonyesha vijipele kuliko watu. Nifanyeje? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hayo ni matatizo mawili yenye mzizi mmoja, nao ni nuru ya skana kurudi mahali ilipotakiwa isirudi.

Picha nyeusi na nyeupe za wakati huo zimeundwa kwa chembe za madini ya fedha ndani ya jelatini. Kwa miaka mingi, unyevu na hewa chafu huifanya fedha hiyo iyeyuke kidogo kidogo, ipande juu, na kugeuka tena kuwa madini kwenye uso wa picha, hasa pale palipokuwa na kiza kingi, kwa kuwa ndipo fedha ilipo nyingi. Mkononi huigeuza picha kidogo na mng'ao unahama, kwa hiyo huuoni kama kasoro. Skana haina mkono wa kuigeuza. Usijaribu kuusugua kwa raba wala kwa pamba. Skani picha hizo katika rangi, si katika hali ya nyeusi na nyeupe, kisha ufungue faili katika programu ya kuhariri na uzitazame rangi zake tatu, nyekundu, kijani na buluu, moja moja. Kwa kuwa utando huo ni wa kibuluu, mara nyingi rangi nyekundu huwa ndiyo safi kuliko zote, na hiyo ndiyo utakayoigeuza kuwa picha yako nyeusi na nyeupe. Njia hiyo hiyo hupunguza madoa ya manjano ya chai na uzee, kwa sababu manjano humeza nuru ya buluu na kuiachia nyekundu ipite. Ndiyo maana nilimwambia msomaji wa Tanga achague rangi: aliyeskani katika nyeusi na nyeupe amezichanganya zote tatu tangu mwanzo na hana tena pa kuchagua.

Vijipele vinatokana na taa ya skana kumulika kutoka upande mmoja, hivyo kila kijipele kinatupa kivuli chake. Skani picha mara mbili, mara ya pili ukiwa umeigeuza juu chini, kisha kwenye kompyuta uigeuze ile ya pili irudi wima na uilaze juu ya ya kwanza ikiwa na uwazi wa asilimia 50. Vivuli vya upande huu vitakutana na mwanga wa upande ule, na vijipele vitafifia sana. Kazi ya kuzilinganisha hadi macho yakutane na macho inachosha, nakiri. Kama una picha kumi na zaidi za namna hiyo, afadhali umtafute mpiga picha mwenye kamera nzuri na vichujio vya polaroidi: kimoja mbele ya kila taa na kingine kwenye lenzi, kikiwa kimezungushwa mpaka mng'ao uzimike. Njia hiyo huondoa utando wa bati na vijipele kwa pigo moja, na kwa maoni yangu hakuna skana ya mezani inayoishinda.

Nakuomba jambo moja usiloliuliza. Skani na migongo. Studio za Unguja zilikuwa na desturi ya kupiga mihuri, na mhuri ni ushahidi: ukiukuta ule wa Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, unajua picha ilipita mikono gani na kwamba haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Mara nyingine kuna Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambacho wajukuu hawataweza kukisoma, kwa hiyo kiskaniwe sasa ungali wewe wa kuwasomea. Maandishi ya nyuma yakionekana mbele kama kivuli, weka karatasi nyeusi juu ya mgongo wa picha kabla ya kufunika. Kifuniko cheupe ndicho kinachorudisha nuru na kuyafichua.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi na sina skana. Je, simu haitoshi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kwa picha ya kumtumia mjomba, inatosha. Kwa nakala ya kudumu ni suluhisho la mwisho, lakini ni bora kuliko kungoja skana isiyokuja huku mchwa wakiendelea na kazi. Ilaze picha kwenye meza barazani, mahali pasipofikiwa na jua moja kwa moja, uzime mwako wa simu, na uishike simu sambamba na meza ili pembe nne zitoke sawa. Usisogee karibu mno, maana lenzi hupinda mistari. Rudi nyuma kidogo na ukate kingo baadaye. Programu ya PhotoScan, ambayo Google waliitoa mwaka 2016, hupiga mara kadhaa kutoka sehemu tofauti na kuziunganisha ili kufuta mng'ao, na kwa picha za kung'aa inasaidia. Kilicho muhimu kuliko yote ni kuzima ule urembo wa kulainisha nyuso ambao simu nyingi huja nao. Bibi wa miaka 80 akitoka bila kunyanzi hata moja, hiyo si nakala.

SWALI: Picha za harusi yetu ya mwaka 1979 zimegeuka nyekundu zote, ingawa hazijawahi kutoka kwenye albamu. Skana inaweza kurekebisha? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Picha ya rangi ina tabaka tatu za rangi: samawati, majenta na manjano. Katika karatasi nyingi za miaka hiyo, samawati ndiyo iliyokuwa dhaifu, na hufifia hata gizani ndani ya albamu. Inapoondoka, nyekundu inabaki bila wa kuipunguza. Habari njema ni kwamba samawati mara nyingi haijaisha, imepungua tu, na kilichobaki kinaweza kunyooshwa.

Ili kinyooke bila kukatika, kisomwe kwa undani zaidi ya kawaida. Skana ikiwekwa kwenye biti 24, kila rangi inapata ngazi 256. Kwenye biti 48 inapata ngazi 65,536. Picha iliyofifia hutumia sehemu ndogo tu ya ngazi hizo, na ukiivuta ile yenye chache, utaona mawingu ya anga yakigeuka mistari. Kwa hiyo skani kwa biti 48, uhifadhi kama TIFF, kisha katika nakala yake urekebishe kila rangi peke yake kwa kusogeza mwanzo na mwisho wa kile kichuguu hadi vikutane na pale kinapoanzia na kinapoishia. Shela ya bibi harusi na suti nyeusi ya bwana harusi ndiyo mizani yako: shela ikiwa nyeupe na suti ikiwa nyeusi bila kuegemea rangi yoyote, nyuso nazo zitakuwa zimesogea karibu na ukweli. Kitufe cha kurudisha rangi kilichomo kwenye programu za skana kinaweza kujaribiwa, na siku nyingine hufanya vizuri kuliko mimi, ila kisiguse faili la kwanza.

SWALI: Nina negativu za filamu pamoja na picha zake. Niskani zipi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Negativu, ikiwa hazijachakaa. Ndizo asili, na picha ya karatasi ni nakala yake ambayo tayari ilipoteza baadhi ya vivuli na mianga katika chumba cha giza. Utahitaji skana yenye taa ndani ya kifuniko, kwa kuwa nuru inapaswa kupenya filamu, si kurudi kutoka kwake. Fremu ya filamu ya kawaida ni milimita 24 kwa 36, kwa hiyo dpi 2400 ndiyo mwanzo mzuri. Hutoa picha ya nukta milioni 7 na ushei. Ishike kwa kingo. Kama skana yako ina mfumo wa kuondoa vumbi kwa miali ya infraredi, utumie kwa negativu za rangi na uuzime kwa zile za nyeusi na nyeupe, kwa sababu chembe za fedha huzuia miali hiyo na mfumo utaidhani picha yenyewe kuwa ni vumbi. Lakini picha za karatasi ambazo zilipakwa rangi kwa mkono au kuandikwa kitu mgongoni ziskaniwe pia, maana hayo hayamo kwenye negativu.

SWALI: Nimeshaskani picha 200 za ukoo. Nizitunze na kuwatumia ndugu walioko Uingereza kwa njia gani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Picha moja ya sentimita 10 kwa 15 iliyoskaniwa kwa dpi 600 na kuhifadhiwa kama TIFF ina takriban megabaiti 25, kwa hiyo zako zote ni gigabaiti 5 hivi, mzigo ambao flashi ndogo inaubeba. Tatizo ni kwamba flashi hufa bila kuaga. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nje ya nyumba yako kabisa, iwe kwa ndugu wa mji mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. TIFF zisiguswe, kila marekebisho yafanywe kwenye nakala ya JPEG.

Ukizituma kwa WhatsApp kama picha, zitabanwa na kupungua ukubwa. Zitume kama hati, na zitafika zilivyo. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha mahali, kisha watu, ili kompyuta izipange zenyewe. Mwaka usiojulikana uandike kwa muongo. Na ukishamaliza kuandika majina kwenye kompyuta, yaandike pia mgongoni mwa picha zenyewe, ukingoni, kwa penseli laini na bila kukandamiza. Kalamu ya wino, hasa kwenye karatasi zile za kisasa zilizopakwa plastiki, haikauki vizuri, na ukizipanga picha moja juu ya nyingine, jina la babu litahamia usoni mwa bibi.